Samaki wa Askofu Anayecheka

Mgeni njoo, mwenyeji azikwe. Ndivyo Irene alivyoligeuza neno la wahenga akiwa ndani ya basi la kwenda ofisini kwa meneja wake, Linus, maana kila nyumba ya London aliyoingia yeye kama mgeni, mwenyeji wake hakupona. Kazi yenyewe ndiyo hiyo: kuwaogesha wazee, kuwalisha, kuwageuza kitandani, kisha asubuhi moja kukuta shuka zimekunjwa na dirisha liko wazi. Wanne walishamtoka hivyo, na wote aliwazika kimya, amekaa benchi la nyuma. Wa tano, mzee Silvio Tessari wa Kilburn, hakumzika kimya, na sasa kibarua chake kilikuwa karibu kuota nyasi.

Mzee Silvio alikuwa fundi wa sakafu za terazo, mzaliwa wa Verona huko Italia. Miaka hamsini ya London haikuwa imemtoa Verona hata kidole kimoja. Kuta za chumba chake zilijaa picha za kanisa moja tu, San Zeno, alikobatizwa. Kulikuwa na milango ya shaba yenye vibao arobaini na vinane, kila kibao na kisa chake. Kulikuwa na dirisha la duara mfano wa gurudumu, na ukingoni mwake watu wa mawe: mmoja amekaa juu kama mfalme, mwingine anaporomoka kichwa chini.

"Leo uko juu, unanisukuma kwenye kiti," mzee alizoea kumwambia. "Subiri lizunguke."

Lakini picha kubwa kuliko zote ilining'inia juu ya kitanda. Ilikuwa ya sanamu ya marumaru ya Zeno mwenyewe, askofu wa zamani wa mji ule. Uso wake mweusi, mdomo umefunguka kwa kicheko, na kwenye fimbo yake ya kiaskofu ananing'inia samaki.

Asubuhi ya kwanza kabisa Irene alisimama mbele ya picha ile, kitambaa cha kuogeshea mkononi, maji yakimdondoka.

"Unashangaa nini?" mzee alimuuliza. "Huyo wa kwenu. Wanasema alitoka Afrika akaja kutubatiza sisi washenzi."

"Na mkamlipa samaki mmoja?"

"Alimvua mwenyewe mtoni. Sisi hata huyo hatukumpa."

Irene akacheka, mzee akacheka, na askofu alikuwa anacheka tangu zamani. Utani ukaanzia hapo. Irene ni Mpare wa Usangi, na Mpare hafundishwi utani; ana Wachaga wa kumkomaza tangu utotoni. Akamweleza mzee kwamba kwao makabila mawili yakiwa watani hakuna tusi linalouma, na anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Tangu siku hiyo yeye akawa mla makande na mzee akawa mla makaroni. Mzee alisema chai ya Irene ni maji ya kuoshea mwiko wa saruji. Irene alisema miguu ya mzee inanuka kama mfereji wa Roma.

Siku moja akamsimulia mazishi ya babu yake. Mtani wa Kichaga aliingia kaburini akajilaza, akawa anakohoa kikohozi kilekile cha marehemu, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Bibi alikuwa hajafumbua mdomo siku tatu. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akalia, na watu wakajua sasa ataishi.

Mzee Silvio alijiinua kwenye mto. Kisha akasema, "Na mimi utanizibia njia?"

"Mlangoni kabisa."

"Na samaki?"

"Na samaki."

Siku ya mazishi, wabeba jeneza walipokuwa wakielekea nje, Irene alitoka benchi la nyuma, akawahi mlango wa kanisa, akajilaza kizingitini. Mkononi alikuwa na fimbo ya mzee ya kutembelea, na kwenye fimbo amemfunga kibua wa kukaushwa kwa moshi, aliyemnunua duka la jirani na nyumba ya mzee.

"Hapiti mtu," alisema. "Silvio, mla makaroni, unakwenda wapi na chai yangu hujaimaliza?" Akaguna alivyokuwa akiguna mzee, akalalamikia goti kwa sauti ya mzee, akasubiri.

Kwao, hapo ndipo mfiwa angejitokeza na kuku au kanga, watu wangecheka, njia ingefunguka. Hapa hakujitokeza mtu. Wabeba jeneza walisimama na mzigo mabegani. Harufu ya samaki ikapanda. Bibi mmoja wa Kiitaliano alicheka, kisha akajiziba mdomo kwa skafu. Natasha, binti pekee wa marehemu, alisema kwa sauti ndogo, "Mtoeni." Wanaume wawili wakamwinua Irene kwa makwapa wakamweka kando.

Ndiyo sababu ya safari ya leo. Natasha alikuwa ameandika barua kwa kampuni, naye angefika saa nne kuombwa radhi ana kwa ana. Irene asipoomba, kampuni ingeacha kumdhamini, na viza yake ilikaa juu ya udhamini huo. Angebaki na siku sitini za kupata mwajiri mwingine au kufunga mabegi.

Linus, Mkenya wa Nakuru, alikuwa amekwisha kuandaa viti vitatu.

"Irene, mimi nakuelewa, dada yangu. Hata kwetu kwa matanga watu huchekesha. Lakini na samaki?"

"Samaki ni wa askofu."

"Askofu gani tena?" Linus akajipangusa uso. "Sikiza. Sema ulishikwa na uchungu, hukujua unafanya nini. Dakika mbili, tumemaliza."

"Nilijua."

"Basi wacha kujua, kwa hizo dakika mbili."

Natasha aliingia bila kuvua koti. Macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala. Alikaa, akamtazama Irene, akasema, "Kila nikifumba macho nimkumbuke baba, namwona yule samaki. Sijalia hata leo. Ulininyang'anya siku ile."

Maneno yale yalimwingia Irene kama maji ya baridi. Kwao kicheko kilimfungua bibi. Hapa kilimfunga binti. Alitamani angekuwa na mtu wa kumuuliza kama mtani aliwahi kukosea namna hiyo, na akikosea hufanya nini.

"Aliniomba mwenyewe," alisema. "Wiki ya mwisho, hata uji haupiti, alinivuta mkono akasema nisisahau samaki."

"Hakuniambia mimi."

"Wewe ulikuwa ukija Jumapili. Jumapili alivaa shati jeupe akawa baba. Siku nyingine alikuwa mtani."

"Nani alisikia akikuomba?"

"Mimi na askofu wa ukutani."

Linus alikohoa. Natasha aliinamisha kichwa, na alipokiinua sauti yake ilikuwa imelainika, jambo lililomuumiza Irene zaidi. "Sitaki ufukuzwe. Sema tu ulikosea. Nitaiondoa barua, na wewe utabaki na kazi yako."

Lilikuwa neno jepesi, na lingemwachia kila kitu. Irene alilizungusha mdomoni. Akamwona mzee Silvio ndani ya beseni la kuogea, mifupa mitupu, akicheka mpaka povu linaruka. Utani ukiombewa radhi unageuka tusi. Akiomba radhi leo, basi miaka miwili alikuwa akimtukana mgonjwa huku anamwogesha, na mgonjwa alicheka kwa ujinga wake.

"Nakupa pole ya msiba, Natasha," alisema. "Na pole ya usingizi wako, natoa kwa moyo wote. Barua yako iache hapohapo ilipo. Niliahidi, nikatimiza. Radhi siombi."