Miito Mitatu ya Mjomba Kondo

Kila jioni Mjomba Kondo huligeukia dirisha linalotazama mlima, anasema maneno yasiyoshikika, kisha anagonga ukingo wa kitanda mara tatu. Halafu anasubiri. Tusipomjibu anavyotaka, anafunga mdomo, na uji unapoa. Kiharusi kilimnyang'anya nusu ya ulimi. Sasa huku kutokula kulitaka kumchukua yeye mzima.

"Madaktari wanasema huo mkono unaogonga ni mishipa tu," aliniambia binti yake Felista, nilipofika Bigwa kutoka Dar. "Dada Editha, nimechoka. Kila siku namwona anapungua."

Kazi yangu, ambayo ndugu zangu huiita "mambo ya mitandao", ni kusahihisha ujumbe unaoharibikia hewani. Ujumbe hutumwa na ziada kidogo, ili ukifika umechubuka uweze kutibika. Unakopokelewa tunaweka ving'amuzi viwili vya kuufumbua. Kila kimoja hukisia kwa ushahidi wake, hukiambia kingine kinaamini nini na kwa kiasi gani. Kingine hujirekebisha na kurudisha jibu, mpaka vinakubaliana. Sharti ni kwamba kisiwepo kinachojifanya kina uhakika mapema. Sharti hilo limevishinda vikao vyote vya ukoo wetu.

Nikamkalisha Felista. "Tuambiane tunachodhani, hata kama uhakika ni robo tu."

"Neno la kwanza nadhani ni 'umefika'," akasema. "Ila siamini sana."

Neno hilo nililijua. Mimi nililelewa ng'ambo ya bonde, kwa mama yangu Eufrazia. Felista alilelewa upande wa pili, kwa huyu kaka yake mama. Kabla ya simu, kaka na dada walisemezana jioni kwa kupaza sauti, mlima kwa mlima. Upepo ulikuwa mwizi, kwa hiyo mtu akimaliza maneno yake alipiga ukelele, "huu" moja kwa kila jambo, ili wa ng'ambo ajue kama kuna lililopotea. Naye wa ng'ambo aliyarudisha yote, na huu zake. Nilimkumbuka mama ameweka mikono yenye udongo kinywani, moshi wa kuni mbichi ukimzunguka, nikatamani kuwa mtoto tena.

"Felista, hagongi ovyo. Anapiga huu."

Akanitazama, akajishika kifua. "Basi mambo ni matatu."

"La kwanza likiwa 'umefika', la pili lilikuwa 'umefunga mbuzi'. Jioni zote lilikuwa hilo."

"Mbuzi nilimsikia. Nikadhani baba anaota." Sasa alikuwa anaamini. "Na la tatu?"

"La tatu upepo ulikuwa unatunyima. Namkumbuka mama akijibu tu: tumekula."

Felista akautazama uji uliopoa. "Kwetu, baba alikuwa hagusi sahani mpaka jibu litoke kwenu. Ugali ulikuwa unapoa, nami nilikuwa namchukia kwa hilo. Alikuwa anauliza kama mmekula."

Hapo tukakubaliana. Mjomba hakuwa amekataa chakula. Alikuwa anangoja mpaka dada yake mjane na watoto wawe wamekula kwanza, kama alivyomngoja miaka yote. Mama tulimzika mwaka jana, na Mjomba alikuwepo. Ila maradhi yalimrudisha mahali ambapo mama bado anatoka shamba.

Niliinuka ili nimjibu. Felista akanishika mkono.

"Kula kwanza. Kwa hilo usimdanganye."

Nikala ugali kwa mlenda, nimesimama, nalia bila kujificha. Kisha nikatoka nje, nikaenda mbali kidogo kuelekea mlimani, nikageuka, nikaweka mikono kinywani kama mama, nikapaza sauti. Nimefika. Nimefunga mbuzi. Tumekula. Nikamalizia na huu zangu tatu.

Majirani walichungulia, na sikuwalaumu. Niliporudi dirishani, Mjomba alikuwa ameweka mkono wake kifuani, umetulia, na mdomo ameufungua, anamsubiri Felista na kijiko.