Kasoro ya Mshale

Kwetu Kurume binti akiolewa hupewa kimono yenye mchoro wa manyoya ya mshale. Mchoro ni wa tangu enzi za wapiganaji, na maana yake haihitaji mwalimu: mshale ukishaachiwa haurudi kwenye upinde, na bibi arusi harudi kwao. Mume wangu Kumazo hufunga nyuzi na kuzichovya kwenye nili, mimi nafuma. Ya Shizuyo, mwanetu wa pekee, ilituchukua miezi mitatu. Miezi minane baada ya harusi, mwenyewe huyo mlangoni, kaivaa.

"Umesahau nini?" baba yake akamuuliza.

"Sijasahau kitu, baba. Nimerudi."

"Na nguo hiyo?"

"Ndiyo iliyokuwa karibu."

Kumazo akamwambia abadilishe. Akaitandaza nguo sakafuni, akaikagua mshale mmoja mmoja, siku nzima. Maana mume wangu huyu hakosei. Kuna mwaka chama cha wafumaji kilimrudishia jora lenye kasoro, akakaa miaka miwili hawasalimii. Na kasoro ilikuwepo, niliiona kwa macho yangu haya.

Kesho yake Shizuyo alikunja mikono ya nguo aoshe mchele. Kumazo akaona madoa mikononi mwake. Rangi zote za nili anazijua, nzito na nyepesi, na zile hakuzitia yeye. Mimi nilitaka kulia, basi nikamenya figili.

Siku ya tatu akaja mshenga, Bi Tokue, na keki zake za maharage.

"Mama Shizuyo, mtoto afunge mizigo. Wakwe zake wamesema watamsamehe."

"Kwa kosa gani?"

"Usinianzishie, mwenzangu. Mji mzima ulimwona akitoka hapa na mishale. Mkimpokea, nani atawaagiza tena nguo ya harusi? Watu watasema mishale ya Kumazo inarudi."

Nyuma ya mlango wa karatasi Shizuyo alikuwa akisikia kila neno. Nilijua mizigo yake iko tayari, kwa vile nilimwona akiifunga asubuhi. Angekwenda, baba yake akisema neno moja tu.

Kumazo akaweka kikombe chini.

"Kosa ni langu," akasema.

"Kosa gani tena?"

"Nyuzi nilizifunga vibaya. Mshale mmoja hapo mgongoni umepinda. Kazi mbovu hurudishwa kwa fundi, Bi Tokue, na mtoto nimempokea. Waambie wakwe zake. Waambie na mji mzima."

Bi Tokue akaivuta nguo, bado imetandazwa sakafuni, akaisogeza puani, akaitafuta ile kasoro kwa muda mrefu. Kukubali kwamba macho yamechoka hakuwezi.

"Enhe," akasema. "Umepinda kweli."

Akaenda zake kuwaambia.

Nguo ile niliifuma mwenyewe, uzi kwa uzi. Haina mshale uliopinda hata mmoja, na Kumazo anajua.