Ndoo ya Aiskrimu ya Larysa

Larysa aliingia hospitalini Winnipeg amekumbatia ndoo iliyokuwa ya aiskrimu ya stroberi, akaibandika juu ya kaunta ya mapokezi, akasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye lifti:

"Mzigo wa dada yangu huu hapa. Fanyeni haraka, bado wa moto!"

Mimi nilikuwa kwenye kiti cha magurudumu, kilo arobaini na moja, nimevalishwa nepi. Hata katika hali ile, kitu cha kwanza nilichokiona ni mashavu yake, mekundu kwa baridi na kwa afya. Nilimwonea wivu pale pale.

Wivu wangu kwake ulikuwa wa zamani. Larysa alikuwa mdogo wangu kwa miaka miwili, na mezani alikuwa akifuta sahani tatu za varenyky, yale maandazi ya viazi yanayoogelea kwenye siagi, halafu anainuka na kiuno chake cha nyigu. Mimi harufu ya mkate tu ilininenepesha. Nilijinyima, nikajipima, nikalia. Yeye alicheka na kuongeza krimu.

Kisha ukaja mtungi. Bibi yetu alitoka nao Ukraine, na kila vuli mama alichachusha kabichi ndani yake, akianza kwa kumimina kikombe cha maji ya kabichi ya mwaka uliopita, maana ndiyo yenye uhai. Mama alipofariki, mtungi ulikwenda kwa Larysa. Mimi kifungua mimba niliambulia mapazia. Nilinunua mtungi wa dukani, na kabichi yangu ikaoza, ikateleza kama sabuni. Ningemwomba kikombe kimoja tu cha maji yake, angenipa. Kwetu hata adui hanyimwi. Sikumwomba. Miaka miwili hatukusemezana.

Ndipo jino likanivimba. Nikapewa antibiotiki, jino likatulia, tumbo likafunguka. Mara kumi na tano kwa siku, miezi minne. Kila dawa ilinituliza wiki moja, kisha nikarudi kule kule.

"Antibiotiki zimefyeka bakteria wazuri pamoja na wabaya," Daktari Friesen aliniambia. "Wale wazuri ndio wanaomeng'enya makapi ya mboga na kuulisha ukuta wa utumbo. Wanasaidia hata mwili kujua sukari na mafuta uvifanyie nini. Kwako amebaki mkorofi mmoja, na hana wa kumzuia. Tunahitaji kinyesi cha mtu mwenye afya, tukipandikize. Mumeo ana kisukari, hafai. Una ndugu?"

"Sina," nikasema.

Nilikuwa tayari kufa. Nasema hivyo bila kutia chumvi. Wazo la kuokolewa na tumbo lile lile la Larysa lililonitesa maisha yangu yote lilinishinda kumeza.

Bohdan, mume wangu, alimpigia simu kwa siri. Larysa akaja, akasimama miguuni pa kitanda bila kuvua koti.

"Umemwambia daktari huna ndugu?"

Nikageukia ukutani.

"Dada, tangu utotoni unataka kila kilicho changu. Viatu, gauni, mtungi wa mama. Leo yamebaki mavi tu, ndiyo unaniringia?"

Nilicheka, ingawa sikutaka, na kicheko kikanichafua. Larysa alivua koti, akakunja mikono ya sweta, akanibadilisha mwenyewe, huku akinitukana taratibu.

Wakampima damu na choo. Hakukutwa na kasoro hata moja, na hilo nalo liliniudhi. Siku ya ndoo walikichuja kile alicholeta, wakanitia kwa mpira. Siku ya nne niliamka na njaa. Larysa aliniletea kabichi ya mtungi wa mama, nikala nikilia, kwa sababu ilikuwa tamu na ilikuwa yake.

Nilipona. Watu kanisani wakisema nimenawiri, Larysa aliyekuwa benchi la nyuma alininong'oneza: "Hiyo ni mimi."

Miaka sita baadaye gari lake liliteleza kwenye barafu, barabara ya Gimli, mchana kweupe.

Baada ya maziko, jikoni kwake, binti yake Teodora alinishikisha mtungi.

"Mama mkubwa, chukua. Mama alisema ulistahili wewe."

Nilikuwa nimeusubiri miaka mingi. Nikapitisha kidole kwenye ukingo wake uliomeguka, kisha nikamrudishia.

"Kaa nao. Mimi mama yako alishanipa changu."

Hakuelewa, nami sikumweleza. Wengine walikuwa wakigawana nguo na picha, nikawaacha. Kilichobaki hai cha mdogo wangu kilikuwa tumboni mwangu, na sikuwa tayari kugawana na mtu.

Mwezi uliopita jino liliniuma tena. Daktari wa meno akavuta kalamu, akasema ataniandikia antibiotiki, tukizitumia mapema tutaliokoa.

Nikamwambia aling'oe.