Shangazi Ameingia Kwenye Grupu

Nguruwe wa Benedicta aliuzwa asubuhi, na kabla jua halijakaza, mwenyewe alikuwa amesimama dukani kwa Shamsudin, Kihesa, akiitazama simu kubwa kama anayechagua mchumba.

"Mama, ningekuwa wewe ningesubiri," alisema Shamsudin, muuza simu wa ajabu, mwenye huruma. "Desemba toleo jipya linaingia, hii itashuka bei."

Maneno hayohayo alishaambiwa na Jackline, binti wa marehemu kaka yake, anayeishi Mbeya. Benedicta alimchukua akiwa bado ananyonya, akamlea na kumsomesha mpaka chuo kwa pombe ya ulanzi aliyokuwa akiuza. "Shangazi, usihangaike na simu sasa hivi, subiri Desemba," binti alimsihi kila alipopiga. Lakini harusi ilikuwa Novemba. Mipango yote ilikuwa kwenye grupu, na simu yake ndogo ya kitochi haifungui grupu. Shangazi gani wa kumkabidhi bibi harusi ukumbini huku hajui hata sare ni ya rangi gani? Ngojangoja huumiza matumbo, akasema Benedicta, akalipa.

Laiti angesubiri.

Jioni ileile jirani yake, Mzee Eliezeri, mjumbe wa kamati ya harusi, alimwingiza kwenye grupu. Kuandika kulimshinda, basi akarekodi sauti: "Kamwene, wapendwa! Jackline mwanangu, shangazi nimefika!" Akamalizia kwa vigelegele vilivyowashtua kuku bandani.

Kisha mama yake bwana harusi, mwenye maduka kule Ilomba, akaandika: "Huyu mama ni nani?"

Jackline akajibu upesi: "Samahani sana mama. Ni dada yetu wa kazi wa zamani. Amekosea grupu."

Benedicta alisoma polepole, kidole kikifuata neno moja moja, kama anavyosoma zaburi. Akamngoja Mzee Eliezeri aseme ukweli. Mzee huyo, aliyekunywa ulanzi wake miaka nenda miaka rudi, alituma kidole gumba. Halafu yakatokea maandishi madogo: Jackline amekuondoa.

Moyo ulimuuma kuliko siku ile alipomzika kaka yake. Simu ikaita.

"Shangazi, nani kakutuma ununue simu? Si nilikwambia usubiri?" Jackline hakuwa akilia, alikuwa amekasirika. "Hawa watu nimewaambia nimelelewa na baba mkubwa, meneja. Usiniharibie. Harusini uje, sikukatazi, ila upitie mlango wa jikoni, pamoja na wapishi. Na usiniite mwanangu mbele za watu."

Kitandani kilikuwa kimekunjwa kitenge kipya cha kumfunika bibi harusi. Benedicta alikitazama, akakisukuma pembeni ili apate pa kukaa.

"Sawa, mama," akasema. "Nije saa ngapi?"