Farasi Asiyekimbia

Mkasi hakuwa na desturi ya kuitazama filamu yake siku ya kuionyesha. Mtu aliyekaa mwaka mzima kwenye chumba kisicho na dirisha, akikata na kuunga picha zilezile, atazame nini tena? Aliweka kiti chake chini ya skrini, akaipa mgongo, akawakodolea macho watazamaji. Kwake yeye filamu ilikuwa kule. Mtu akijikuna shingo, pamelegea. Mtoto akiomba kwenda chooni, pameharibika.

Jumamosi hiyo, filamu ikijaribiwa kwa watazamaji kabla ya kutolewa, alikaa pale roho mkononi. Filamu ilikuwa ya familia: binti mdogo, king'ang'anizi kama kupe, anataka kuwa mpanda farasi, na farasi wenyewe hawamtaki. Mbio zilikuwemo, kuanguka kulikuwemo, na kikombe cha ushindi kilikuwemo. Ila katikati palikuwa na kipande kimoja ambacho mtayarishaji, mwenye fedha na mwenye neno la mwisho, alikichukia tangu siku ya kwanza. Watu walimwita Fupisha, nyuma ya mgongo wake bila shaka, maana hakuwa na neno jingine. Ungemsimulia kifo cha baba yako angekuambia ufupishe.

Katika kipande hicho farasi hakimbii. Amesimama tu uani. Binti, mkono mmoja umefungwa bendeji na kutundikwa shingoni, anamwendea farasi yuleyule aliyemwangusha, na kwa mkono uliobaki anajaribu kumpanda. Anashindwa. Anajaribu tena. Hakuna muziki wala neno, ni pumzi za mtoto na pumzi za mnyama basi.

"Farasi kasimama kama gari bovu," Fupisha alikuwa amelalamika asubuhi. "Watu wanakuja kuona farasi anakimbia, dada yangu. Leo tutawauliza. Wakisema kinachosha, unakikata mbele ya macho yangu."

Mkasi alikubali, angefanyaje? Lakini moyoni alijua kwamba bila kipande kile, kikombe cha mwishoni ni bati tupu.

Ukumbi ulijaa kina mama na watoto wao, kina baba walioburutwa, nyanya na wajukuu. Safu ya pili alikaa mama yake Mkasi, mkoba mapajani, viatu vya kutokea miguuni. Mama huyu hakuwahi kuielewa vizuri kazi ya mwanawe. Majirani wakiuliza, aliwajibu kwamba anakatakata picha, na hapohapo akabadilisha mazungumzo.

Filamu ikaanza. Watu wakacheka palipochekesha, wakaguna binti alipoanguka. Kipande kile kilipokaribia, Fupisha akatoka nje na simu sikioni. Alikuwa ameshakiona, alisema, na kimemtosha.

Kwanza taya ziliacha kutafuna bisi. Kisha ukumbi ukawa kimya kama maji mtungini. Mama mmoja wa safu ya mbele akainuka kidogo, kama anayetaka kurekebisha sketi, lakini hakurudi chini. Baba mnene aliyekuwa kando yake naye akainuka. Halafu watoto, halafu nyanya wenye magoti mabovu, safu baada ya safu, taratibu, bila mtu kumtazama mwenzake. Mikono yao ilikuwa mbele, viganja juu, vile unavyomsukuma mtoto anayepanda ukuta. Mkoba wa mama yake Mkasi ulianguka sakafuni na mwenyewe hana habari.

Mwili ulimsisimka Mkasi hadi kwenye nyayo. Alikuwa amekata filamu nyingi maishani, lakini hili hakuwahi kuliona. Alitaka kulia, alitaka kupiga magoti, na asijue ampigie nani. Nyuma yake akamsikia binti akitua mgongoni mwa farasi. Watu wakashusha pumzi, wakakaa, wakaendelea kutafuna.

Taa zilipowashwa, Fupisha alikuwa amesharudi, anakusanya maoni. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mtoto mmoja alisema farasi mweupe ana meno kama ya mjomba wake. Nyanya mmoja alisema binti amshukuru Mungu kwamba hakuzaliwa nyumbani kwake, angekiona. Baba mnene alisema filamu ni nzuri ajabu, amemkumbuka marehemu dada yake, na hakueleza zaidi.

"Na kuna mahali palipowachosha?" akauliza Fupisha.

Mwombe mtu kasoro uone kama atakunyima! Baba mnene akafikiri kidogo. "Labda pale anapopanda. Panaganda." Vichwa vikakubali. Kisha mama yake Mkasi akanyoosha mkono kwa adabu.

"Wanangu, mmefanya kazi nzuri. Ila pale farasi amesimama, pakateni tu. Nimekaa mpaka nikachoka kukaa."

"Mama!" Mkasi aliruka. "Hukukaa! Ulisimama. Nyote mlisimama!"

Ukumbi ukaangua kicheko. "Mimi?" mama akasema. "Nisimame ukumbini niwazibe watu, kwani sina adabu?"

"Dada, kubali yaishe," Fupisha akasema, tena kwa upole, jambo lililouma zaidi. "Kata."

"Kirudiwe mara moja," akasema Mkasi. "Na wewe bosi, uje ukae hapa na mimi, uipe skrini mgongo. Wasiposimama, nakata hata kabla hujafunga mdomo."

Mwenye uhakika wa kushinda huwa mkarimu. Fupisha akaja na kiti chake. Mama akaukumbatia mkoba. "Sasa nimeshajua. Sinyanyuki ng'o!" Baba mnene akakunja mikono kifuani.

Taa zikazimwa. Walikaa kwa ukaidi, vichwa vimekaza. Binti akamkaribia farasi. Akatia mguu kwenye kikuku cha tandiko, mguu ukateleza. Watoto ndio waliotangulia. Kisha mikono ya baba mnene ikakunjuka yenyewe. Mama alijishikilia kwenye kiti, akajishikilia, na mwisho akasimama wima kuliko wote, viganja juu.

Fupisha alifungua mdomo, neno lake la siku zote lisitoke. "Wanamwinua," akanong'ona. "Mungu wangu, wanamwinua yule mtoto."

Taa zilipowaka waliikuta miguu yao imesimama. Hakuna aliyecheka. Mama aliitazama yake kwa muda mrefu.

"Nilidhani anaanguka," akasema polepole. "Mtu utaachaje mtoto aanguke na wewe upo?"

Fupisha alijipangusa uso kwa leso. "Usikiguse," akamwambia Mkasi bila kumtazama.

"Rudieni tena!" mtoto akapiga kelele, na Fupisha mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kugeuza kiti. Mama akapigapiga kiti kilichokuwa wazi ubavuni mwake. Mkasi akaenda akakaa, akitabasamu kidogo. Yeye alijua kila mahali alipounganisha. Alijua nani, nje ya picha, alikuwa ameshika kamba ya farasi, na wapi binti aliomba maji. Pale hapakuwa na cha kumdanganya.

Giza likaingia. Binti akatia mguu, mguu ukateleza.

"Msukume, mwanangu," alisikia sauti ya mama yake, juu kabisa, karibu na sikio lake. "Msukume, anakaribia." Ndipo Mkasi alipogundua kwamba naye amesimama, na kwamba mikono yao minne iko mbele, inasukuma.