Usingizi wa Fundi wa Lifti

Mwalimu wa chekechea alikuwa akianua nguo kambani, alasiri ya Jumamosi, aliposikia mumewe akikoroma chumbani. Moyo ukamtulia. Mumewe, fundi wa lifti kwa kazi yake, alikuwa hajalala tangu mvua zilipoanza, na alikuwa amekonda mpaka mkanda umetobolewa matundu mapya kwa msumari. Mwalimu akaingia ndani kwa kunyata, nguo begani, akapita jikoni. Mumewe alikuwa amesimama kwenye sinki anamenya viazi.

"Nani anakoroma?" akauliza mwalimu.

"Simu," akasema fundi, akaendelea kumenya.

Akaenda kutazama. Simu ya kampuni, ile nyeusi yenye ufa pembeni, ilikuwa juu ya mto upande wa mumewe, imelala chali. Kioo chake kilikuwa na ukungu, na tundu la chaji lilikuwa limedondosha mate kidogo kwenye foronya. Mkoromo ulikuwa wa fundi mwenyewe, na mwishoni ule mluzi mwembamba unaopitia kwenye pengo la jino. Mwalimu akaifunika kwa shuka. Kufunika waliolala ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya: shuleni, kila baada ya chakula cha mchana, aliwalaza watoto kwenye mikeka, na katika miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyewahi kumdanganya kwamba amelala.

Jambo lenyewe halikuja ghafla. Kampuni ilitaka simu iwe hewani saa zote, tena karibu na sikio la fundi, maana mtu akikwama ndani ya lifti hana subira. Basi fundi akawa anaiweka chini ya mto. Akalala miaka kwa sikio moja, la pili likisubiri kuitwa. Usingizi nao una heshima zake. Ukiona mwenyeji kila mara anainuka kwenda mlangoni, unajua hutakiwi. Ukahama taratibu, kwanza ule wa alasiri, kisha wa usiku, ukaingia pale palipokuwa karibu na penye joto. Simu ikaanza kulala, fundi akabaki macho kodo.

Wifi yake mwalimu alikuja kuwaona, akaitazama simu ikijigeuza juu ya kochi, wala hakuona ajabu yoyote.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Nami nilidhani kaka yangu ana mwanamke. Heri angekuwa na mwanamke, angalau wangelala."

Mwalimu hakucheka. Mkoromo haukumtisha, alichoogopa ni ndoto. Jioni moja simu ilikuwa imelala mezani, akainama, akaona ndoto ya mumewe ikipita kwenye kile kioo kilichozimika: mlango wa lifti unafunguka, ndani hamna lifti, na fundi anaingia na sanduku lake la vifaa bila haraka, kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Alipomsimulia, fundi akasema hiyo haikuwa ndoto yote. Wiki ile ile alikwisha kuutoa mguu mmoja hewani, ghorofa ya juu kabisa ya jengo la bima, mlinzi akamdaka shati.

"Niliona sakafu, mke wangu," akasema. "Niliiona kabisa."

Wakaenda kwa daktari. Daktari akampima fundi presha, kisha akaiwekea simu kipimo cha kusikilizia kifua, akasikiliza amefumba macho.

"Huyu hajambo," akasema. "Amelala fofofo. Mgonjwa ni wewe."

"Sasa tufanyeje?" akauliza mwalimu.

"Izimwe. Ikizimwa, usingizi unakosa pa kukaa, unarudi kwa mwenyewe. Ila izimwe vya kutosha, maana uliorundikana miezi hautoki kwa saa moja." Mfukoni mwa koti lake jeupe kitu kikakohoa usingizini. Daktari akakipapasa mpaka kikatulia. "Hata mimi nasubiri likizo," akasema, akaita mgonjwa mwingine.

Fundi hakutaka hata kusikia. Kampuni ilikuwa na lifti mji mzima na fundi mmoja, ndiye yeye. Akizima, nani apokee? Mwalimu hakubishana naye. Alingoja Jumapili, fundi alipokwenda kuoga baada ya chakula, akaishika simu, akaibonyeza ubavuni mpaka ikazima.

Usingizi ukatoka polepole kwenye tundu la chaji, mzito, wenye harufu ya blanketi. Chumba kikawa vuguvugu. Inzi aliyekuwa akihangaika kwenye pazia akatua, akatulia. Fundi akatoka bafuni na taulo kiunoni, akafika katikati ya chumba, akakaa ukingoni mwa kitanda kama anayetaka kufikiri jambo, akaanguka pale pale. Vidole vyake vikafunguka kimoja kimoja. Hapo ndipo mwalimu hutambua usingizi wa kweli. Anayejifanya hufumba macho, lakini vidole havijui uongo. Akakaa kando yake akalia kwa furaha, kwa sauti ya chini, asije akamwamsha.

Alasiri hiyo hiyo mwenye jengo moja refu alikwama kwenye lifti yake mwenyewe, kati ya ghorofa na ghorofa, yeye na mbwa wake. Alipiga simu mpaka chaji ikamwishia. Fundi alilala mpaka Jumatatu asubuhi, na Jumatatu asubuhi akaachishwa kazi.

Walikwenda ofisini wote wawili, kwa kuwa fundi alikuwa bado mzito na ilibidi ashikwe mkono. Meneja, mama mpole mwenye miwani, aliwakaribisha viti, akaomba simu arudishiwe. Akaanza kuiwasha pale pale mezani, ahakikishe ni nzima.

"Tafadhali, bado kwanza," akasema mwalimu, lakini kioo kilikwisha kuwaka.

Usingizi wa fundi ulimtoka puani, ukavuka meza, ukaingia. Macho yakamfunguka, yakabaki hivyo. Simu ikashusha pumzi ndefu, ikaanza mluzi wake.

"Humo mna kitu chake," akasema mwalimu.

"Tunaelewa, mama. Lakini kifaa ni cha kampuni, na kilichomo ndani ya kifaa ni cha kampuni. Mkataba uko wazi."

"Basi izimeni kidogo tu, leo na kesho. Atachukua chake, nanyi mtabaki na simu yenu."

"Nikimfanyia huyu itabidi niwafanyie wote," akasema meneja bila ubaya wowote, akageuza kiti ili aonyeshe.

Nyuma yake kulikuwa na kabati la vioo. Ndani zilipangwa simu za madereva, walinzi na wapokea wageni waliokwisha kuondoka, zote zimechomekwa chaji, zote zimelala. Moja ilikuwa ikisaga meno. Nyingine ililia kidogo, kilio cha mwanamke mtu mzima, kisha ikaendelea kupumua. Mwalimu aliijua sauti ile ya vifua vingi vikipanda na kushuka pamoja, kwani ndiyo aliyoisikia kila mchana darasani kwake. Ila darasani kwake, ikifika saa ya kwenda nyumbani, kila aliyelala ana mtu wa kuja kumchukua. Akamshika mumewe mkono, wakatoka.

Simu akapewa fundi mpya, bwana mmoja mnene aliyekuwa na mapacha wachanga nyumbani na kudhani kwamba kukesha anakujua. Alikuwa muungwana. Mwalimu alipomfuata kazini, aliitoa simu kiunoni, akampa aishike.

"Shemeji, ningeizima, haki ya Mungu," akasema. "Lakini nawe unaona, nina midomo inayonisubiri." Akatazama huku na huku. "Tena siku hizi inakoroma kwa sauti mbili."

Mwalimu akaiweka sikioni. Kweli, walikuwa wawili, wakipokezana: mmoja akivuta pumzi, mwingine akipiga mluzi. Akampa pole, akamrudishia.

Huko nyumbani likazuka jambo jingine. Simu ilipoita kokote mjini, usingizi wa fundi ulishtuka, na fundi naye akashtuka. Kama alikuwa anakula, aliacha kijiko. Alivaa ovaroli, akabeba sanduku, akatoka bila kujua aendako, miguu ikampeleka moja kwa moja kwenye jengo lenye mtu aliyekwama. Mara nyingi alifika kabla ya fundi mpya. Waliokwama hawakuuliza analipwa na nani; walitoka, wakafuta jasho, wakaenda zao. Wale mafundi wawili wakazoea kukutana kwenye mlango ulio wazi juu ya shimo tupu, macho yote mekundu, wakimulikiana taa na kuulizana hali za nyumbani.

Mwalimu akarudi kwa meneja, safari hii akiwa na hasira.

"Mtu mmemfukuza, na bado mnamfanyisha kazi," akasema. "Atatumbukia kwenye mashimo yenu."

Meneja alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa kukatiza watu. Akasema hakuna aliyemwita fundi, na kampuni haina pingamizi na mtu anayejitolea.

"Ila asivae sare yetu, mama. Akija akadondoka huko na jina letu kifuani, itakuwa maneno."

Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata mwalimu alikaa kizingitini penye mwanga, ovaroli mapajani na wembe mkononi, akifumua jina la kampuni uzi kwa uzi. Alikuwa anaogopa, na hakuficha kwamba anaogopa. Mara mbili wembe ulimkata, akafyonza kidole, akaendelea. Fundi alikuwa amekaa mbele yake na fulana, akimtazama kwa yale macho yasiyofumbika. Ghafla akainua kichwa.

"Lifti ipi?" akauliza, na hapakuwa na mtu aliyemuuliza kitu. Akasimama, akanyoosha mkono apewe ovaroli yake.

"Ngoja," akasema mwalimu. "Imebaki herufi moja."

Fundi akangoja. Mwalimu akamaliza, akakung'uta nyuzi, akamvika, akamfunga vifungo mpaka shingoni. Fundi akabeba sanduku lake, akashika njia. Ovaroli ilikuwa imepauka kwa miaka ya kufuliwa, isipokuwa pale palipokuwa pamefunikwa na uzi. Pale kitambaa kilikuwa bado kipya, na jina la kampuni lilisomeka vizuri zaidi kuliko mwanzo.