Sululu Aliyekwama Angani

Kitendawili! Msafiri wangu, masurufu yakimwishia, hula tumbo lake mwenyewe. Msihangaike: ni sululu, yule ndege wa ufukweni mwenye mdomo uliopinda. Kanieleza mkwe wangu Mwanahamisi, anayewavisha ndege hao vyombo mgongoni ili ajue wamefika wapi.

Tangu Ijumaa sululu wake mmoja hasogei. Chombo kinaonyesha palepale, katikati ya bahari, na sululu si bata, hawezi kulala majini. Mwanahamisi hali, halali.

Basi usiku wa jana niliota nakamua tui. Kifumbu kikaniambia, "Bibi, hebu toka nje."

Nikatoka. Ua haupo. Ni bahari tupu, ngumu kama sakafu. Natembea, hata kanga hailowi. Mbele namwona sululu amening'inia hewani, mbawa kazitandaza, kakonda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona huendi?"

"Nikipiga bawa tu, huyu wa mgongoni ananiuliza, 'Unakwenda wapi?' Nami nimelelewa: msafiri akiulizwa aendako, safari imeharibika, arudi aanze upya. Nikianza, ananiuliza tena. Tumbo nimeshalimaliza, bibi. Nimebakiza moyo."

Chombo kikasema, "Mimi niko kazini."

"Kazi gani ya kumkera mtu njiani? Huna adabu wewe! Kitendawili!"

"Tega," kikasema. Nani awezaye kuacha kuitikia?

"Nimemfuata mwenzangu nchi zote, uso wake siujui."

"Kivuli."

"Kivuli kuna saa hutangulia, kikamwona."

"Upepo."

"Upepo si ndio humpiga usoni?"

Kikanyamaza kufikiri, taa yake ndogo ikazimika. Nikamkonyeza sululu. Akapiga bawa, hakuulizwa. Akapiga tena, akawa nukta, akapotea, na chombo chake mgongoni bado kinajiuliza ni nani huyo asiyeujua uso wa mwenzake.

Kwa mbali nikasikia, "Nimeshindwa, bibi!"

"Basi nipe mji!"

Kabla hakijanipa, maji yakaanza kulainika chini ya nyayo zangu. Nikaamka.

Mwanahamisi kasimama mlangoni na simu yake, machozi yanamtoka, huku anacheka.

"Mama, kile chombo! Usiku kucha kimya, nikajua basi tena. Sasa hivi ndiyo kimesema."

"Kimetoa mji?"

Akanitazama.

"Umejuaje, Mama? Kafika mji wa Salala, ng'ambo ya bahari."